Sura ya Tisa: Samaki Wakati Ziwa Limefungwa

Mulumba aliisukuma chai ya Inspekta Febby Ngosa mpaka ukingoni mwa meza, akasema hatakunywa chai ya mtu anayempeleka Mansa kunyongwa.

Inspekta hakukasirika. Alikuwa amezoea chai yake kukataliwa. Tangu arudishwe huku ufukweni kutoka Kitwe, watu wa Kashikishi walimwamkia kwa heshima zote na kupitiliza. Mama yake, aliyemfundisha Kiswahili cha biashara ya samaki akiwa bado mgongoni, alikuwa amelala makaburini Kabuta. Jioni alipika ubwali, ugali wa kwao, wa mtu mmoja, akaula akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, na jirani alipozima redio, naye alizima taa.

"Rudia," alisema. "Anzia Chisenga."

"Nilirudia mara mingi, mama inspekta."

"Rudia tena. Kesho asubuhi unapanda gari. Huko mahakamani Mansa utawaeleza watu ambao hata ziwa lenyewe hawalijui."

Mulumba alijipangusa uso. Alikuwa mfanyabiashara wa Kikongomani, mtu wa makamo, mwenye boti ya injini na mdomo ambao zamani ulichekesha soko zima. Siku hizi mdomo ulikuwa umekauka. Alishitakiwa kwamba mwanzoni mwa Desemba, siku chache baada ya serikali kulifunga ziwa ili samaki wazae, alimchukua mwenzake Ghislain kwa boti mpaka kisiwa cha Chisenga, akamuua, akamtupa majini, akarudi peke yake.

"Bon," alisema. "Tulifika Chisenga, mi na Ghislain. Palikuwa pirogue, mutumbwi ya batu ba Kilwa ya ng'ambo. Ghislain akaingia mule. Mama yake alibakia kule, na vita inakuya, alitaka kumutafuta. Akaniambia: kurudi ku ziwa hapana, basoda, baaskari ba kule, banakamata banaume ku beach. Nitapita njia ya Lubumbashi mupaka Ndola, kwa Evariste mwenye duka ya samaki. Kutoka kule nitatuma habari mu ile masini ya kanisa."

"Na koti?"

"Alivua, akanipa."

"Mvua inanyesha, mtu anavua koti?"

"Ile koti iko na rangi ya basoda, mama. Alinunua mu salaula, mu mitumba. Bangemuona nayo kule, bangesema weye njo mwasi. Kufa juu ya koti?"

Febby aliandika, ingawa alikuwa ameshaandika maneno hayohayo mara kadhaa. Halafu akauliza swali ambalo kila siku liliishia hewani.

"Damu ya botini ni ya nani?"

Mulumba aliutazama ukuta.

"Mara ya kwanza ulisema ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe hakuna aliyemwona. Damu ya nani, Baba Mulumba?"

"Nilimaliza kusema."

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekaa mwezi mzima, imekunja miguu. Koti la marehemu lilikutwa nyumbani kwa mshitakiwa. Damu ilikutwa botini. Baada ya Krismasi maji yakatupa maiti kwenye matete karibu na Kabuta, uso umeliwa, mrefu kama Ghislain, shati la bluu kama alilokuwa nalo, na Germaine, mke wa Ghislain, alipoliona lile shati alianguka chini. Wakamzika. Na la mwisho, ambalo mkuu wa kituo alilipenda kuliko yote: Febby mwenyewe alimwandikia Evariste huko Ndola, kwa njia ya ile mashine ya kanisa, kompyuta ya barua pepe, kuuliza kama Ghislain amefika. Ndola ilinyamaza kimya. Mtu aliye hai, mkuu alisema, ana mtu wa kumjibia.

Febby aliiacha chai pale mezani akatoka.

Boti ya Mulumba ilikuwa imevutwa nyuma ya kituo, imefunikwa turubai. Mvua ilikuwa imepumzika. Hakujua anatafuta nini; kwa kweli alikwenda kwa sababu hakutaka kurudi mezani kuandika fomu ya kumsafirisha mtu ambaye kila siku alisema maneno yaleyale bila kubadili hata moja. Waongo aliowajua walikuwa wakiongeza chumvi kila mara. Huyu alikuwa na jambo moja tu la uongo, damu, na mengine yote yalisimama wima.

Akaung'oa ubao wa sakafuni kwa nyundo. Doa la damu juu yake alikuwa amelitazama mara nyingi mno. Chini yake hakuwahi kutazama. Akaugeuza ubao, akapitisha kidole, na kidole kikakwama kwenye kitu kikavu kinachong'aa. Magamba. Makubwa, ya samaki aitwaye mpale, yamegandamana kwenye ubao pamoja na damu ileile iliyopenya kwenye ufa.

Alirudi ndani, ubao mkononi, akauweka mezani kando ya chai.

"Ulikuwa unavua," alisema.

Mulumba alikwangua gamba moja kwa ukucha.

"Ziwa limefungwa, wewe ukirudi kutoka Chisenga ukatega wavu. Watu wa uvuvi wangekunyang'anya boti, injini na nyavu. Kwa hiyo ukasema mbuzi."

"Boti njo maisha yangu yote, mama."

"Na shingo yako?"

"Nilifikiri Ghislain atatuma habari ile wiki tu, maneno inaisha!" Aliusukuma ubao pembeni. "Nikasema nilinde boti, siku mbili, tatu. Alafu baliokota ule mutu ku matete. Nani atanisikia tena kama nabadilisha? Bangesema: jana mbuzi, leo samaki, kesho nini?"

Febby alijikuta anataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu mzima na akili zake alikuwa amekubali kuitwa muuaji ili asiitwe mvuvi haramu, akingoja barua.

"Basi tukaione hiyo barua," alisema.

"Haiko. Weye mwenyewe ulisema haiko."

"Nilisema nilivyoambiwa."

*

Ofisi ya misaada ya kanisa ilikuwa chumba kimoja Kashikishi, nyuma ya soko, chenye mlingoti wa redio unaopita miti yote. Wakati wa samaki, barabara ile haipitiki kwa baiskeli na vikapu. Sasa vichanja vya kukaushia vilisimama vitupu, na paka wa soko walikuwa wamekonda. Febby alisukuma baiskeli ya polisi kwenye matope bila mtu kusimama kuongea naye.

Royd, karani wa ofisi, alikuwa mtu wa mkoa huuhuu wa Luapula, kwa hiyo walisemezana Kibemba, naye akimwita mukwai kwa heshima. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kujivunia mashine yake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Alifuta kiti kwa kiganja.

"Karibuni, mukwai. Ni lile la Ghislain tena?"

"Lilelile. Nionyeshe ulivyotafuta."

"Niliwaambia, ba Inspekta. Hakuna."

"Sijaja kukubishia. Nionyeshe tu, taratibu, kama unamfundisha mtu."

Hilo lilimfurahisha. Aliwasha skrini, ikanguruma, ikaamka. Alieleza kwamba barua pepe zinaingia kwa redio mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, hewa ikiwa safi. Zamani zilikuwa zinaanguka zote mahali pamoja: maombi ya dawa, mahindi ya wakimbizi, bei, makao makuu ya Lusaka, na katikati yake watu wanaotafutana tangu vita ianze upya ng'ambo. Alikuwa akishinda akichambua hadi macho yanauma. Na mara moja barua ya dawa ilizama humo mpaka ikachelewa. Ndipo alipokaa na kitabu, akatunga makro.

"Makro ni nini?"

"Ni maagizo, mukwai. Unayaandika mara moja, mashine inayafuata yenyewe kila barua inapoingia. Inatazama imetoka kwa nani. Ikitoka bohari ya dawa, inaipeleka folda ya Dawa. Ikitoka Lusaka, folda ya Makao Makuu. Mimi siigusi. Zinazobaki, ambazo hazina mwenyewe, zinaingia hapa." Alibonyeza, orodha ndefu ikafunguka. "Watu. Hii ndiyo naisoma kila siku, neno kwa neno. Nikiona jina, nakwenda sokoni namtafuta mwenyewe. Ghislain nimemtafuta humu hata kwa mashine. Angalia."

Aliandika jina. Mashine ikafikiri, ikajibu kwamba hakuna.

"Inatafuta kila mahali?"

"Inatafuta folda iliyofunguliwa. Nyingine si za watu."

Febby aliisogelea skrini. Hakujua kompyuta, lakini alijua kusoma orodha. Majina ya folda yalikuwa yamejipanga upande wa kushoto: Chakula, Dawa, Makao Makuu, Samaki, Watu. Manne yalikuwa na maandishi membamba. Moja lilikuwa limekoza.

"Kwa nini Samaki ni nyeusi?"

"Ina barua ambazo hazijafunguliwa."

"Za nani?"

"Za chama cha wavuvi. Mzee Evariste wa Ndola alitununulia betri za jua, kwa makubaliano kwamba atapitisha bei za samaki hapa. Katibu wa chama anakuja kuzisoma. Mimi sifungui barua za watu."

"Katibu yuko wapi?"

"Kwao Kawambwa, analima. Atarudi Machi ziwa likifunguliwa. Sasa hivi hakuna samaki, anasoma nini?"

Nje, mvua ilianza upya juu ya bati. Febby alisubiri mpaka iliposhika mdundo wake, kwa sababu alitaka kuliuliza swali lile sawasawa.

"Royd, ziwa limefungwa tangu Desemba. Hakuna samaki wa kuuzwa, hakuna bei. Evariste anaandika nini huko?"

Royd aliitazama ile folda iliyokoza.

"Ukiwa Mkongomani," Febby aliendelea, "umefika Ndola kwa miguu na lori, huna senti, unataka kumpelekea mkeo habari Kashikishi. Una anwani yako ya barua pepe?"

"Hakuna mwenye anwani yake, mukwai. Watu wanaazima."

"Unaazima kwa nani?"

Royd aligeukia mashine. Mkono wake ulikwenda kwenye folda ya Samaki, ukabonyeza.

Ilifunguka, ikateremka, ikaendelea kuteremka. Mtumaji alikuwa mmoja kutoka juu hadi chini, Evariste, Evariste, Evariste, na kando yake, mahali pa kichwa cha habari, palikuwa na watu. *Kwa Mama Gaëlle pale Kashikishi. Kwa kaka yangu André, anashona nyavu. Kwa Clémentine, mutoto anapona. Kwa mutu yeyote wa familia ya marehemu Guylain.* Mashine ilikuwa imetii. Ilikuwa imeona jina la mwenye duka, ikazipeleka sauti zote hizo kwa samaki, siku baada ya siku, na ofisi ikafurahi kwamba kazi imepungua.

Royd alikaa kitako sakafuni.

"Nilijua folda ya Watu imekuwa nyepesi," alisema. "Nikadhani vita inatulia."

"Inuka. Tafuta jina."

Zilikuwa tatu. Ya kwanza iliandikwa katikati ya Desemba.

*Kwa Germaine wa Kashikishi, pembeni ya kinu ya unga. Nilifika Ndola muzima. Mama sikumuona, batu ba Kilwa bote balikimbia. Ambia Mulumba merci, na ile koti avae tu, sasa ni yake. Evariste alinipa kazi ya kupakia. Kuya hapa, bibi yangu. Nalala mu depo, peke yangu, usiku ni murefu. Ghislain.*

Ya pili ilikuwa baada ya sikukuu. *Germaine, pengine habari ya kwanza haikufika. Noël ilipita. Kila siku nauliza ku masini. Niko nangoja.*

Ya tatu ilikuwa ya katikati ya Januari, na Febby aliisoma kwa sauti ya chini, Royd akiwa amegeukia dirisha.

*Germaine. Nilielewa. Kama ndugu zako balikukataza, ao moyo yako ilichoka na vita na mimi, sina mubaya na weye. Kuko camion inaenda Tunduma, chauffeur ananikubali. Sitakusumbua tena.*

Febby alikuwa mpelelezi kwa miaka mingi, na alikuwa ameona watu waliouawa kwa shoka na kwa sumu. Barua hii ilimuuma pabaya zaidi. Alifikiri juu ya mtu anayelala kwenye depo la Ndola, anayeamka na kwenda kuuliza, na kila siku anaambiwa hakuna.

Halafu akashituka, kwa sababu akili yake ya kazi ilikuwa bado inafanya kazi pembeni.

"Germaine hakuandika? Yule mwanamke alikaa tu?"

"Aliandika, mukwai. Mimi mwenyewe nilimwandikia. Mara mbili, Desemba. Alimuuliza Evariste kama amemwona mumewe. Na ninyi mkaandika Januari."

"Na Ghislain alikuwa palepale, anauliza mashine kila siku. Kwa nini hakuziona?"

Royd alianza kulia kabla hajajibu.

"Mzee Evariste alikuja Novemba, kabla ziwa halijafungwa. Aliiona makro, akaipenda sana. Nikamnakilia kwenye disketi. Nikamrekebishia na anwani, iwe rahisi kwake." Alijipangusa kwa mkono wa shati. "Kwake, kila kinachotoka wilaya yetu ya Nchelenge kinaingia folda ya Samaki."

*

"Folda ya samaki," alisema mkuu wa kituo, Bwana Chishimba. "Ngosa, unataka nisimame mbele ya hakimu na samaki?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye gari moja na mafuta ya safari moja, na safari hiyo alikuwa ameshaipangia Mansa. Febby alimwekea karatasi tatu mezani, na kando yake ubao wenye magamba.

"Yeyote anaweza kuandika haya," mkuu aliendelea. "Rafiki wa Mulumba, ndugu yake, Evariste mwenyewe."

"Angeyaandika lini, bwana mkuu?"

"Lini vipi? Wakati wowote."

"Tazama ya kwanza. Anazungumzia koti, anasema Mulumba avae. Tarehe ni katikati ya Desemba. Wakati huo hakuna aliyesema mtu amekufa. Maiti haijaonekana, Mulumba hajakamatwa, koti limening'inia nyumbani kwake na wala mimi sijui kama lipo. Mtu gani anamtungia mwenzake utetezi wa kosa ambalo bado hajashitakiwa, tena kuhusu koti ambalo hakuna anayeliuliza?"

Mkuu alisoma tena. Alivua miwani, akaivaa.

"Tarehe anaandika nani? Mtu?"

"Mashine. Na barua imelala humo haijafunguliwa mpaka leo alasiri. Nilikuwepo inafunguliwa."

Upande wa pili mahabusu alikohoa. Kisha mkuu wa kituo akanyanyua kipaza sauti cha redio ya polisi, akaiita Ndola, akaomba askari mmoja aende dukani kwa Evariste, amwambie afungue kwenye kompyuta yake mahali palipoandikwa Samaki.

Jibu lilikuja likikwaruza kabla jua halijazama. Evariste amefungua. Barua mbili za Germaine zimo, na moja ya polisi, zote hazijasomwa. Ghislain anamjua vizuri. Alipakia magunia hapo tangu Desemba, akalala deponi, akaondoka na lori la kwenda Tunduma. Hapana, hakuacha anwani. Askari wa Ndola aliongeza, bila kuulizwa, kwamba mzee ameketi juu ya gunia na hataki kusema na mtu.

"Na ile mashine," Febby aliuliza redioni, "iko mbali na mahali alipokuwa analala?"

"Ukuta mmoja tu, ova."

Mulumba alitolewa saa ileile. Mkuu alimwambia kwamba boti itabaki hapa mpaka Machi, na watu wa uvuvi watataka kusikia habari za yule mbuzi wake. Mulumba aliitikia kwa kichwa. Alipokea koti, akalikunja kwapani, hakulivaa. Mlangoni alisimama, akarudi mezani, akaichukua ile chai ya asubuhi iliyokuwa imefanya utando, akainywa yote.

"Germaine uende kumuambia weye," alisema. "Mi hapana. Aliniita muuaji mbele ya soko nzima. Akiniona mbele, atakufa na haya."

"Nitamwambia."

"Umuambie simukasirikii. Hata mimi ningeita vile."

*

Germaine alikuja ofisini kwa Royd asubuhi, kwa kuitwa. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kikongomani, kichwa kimenyolewa kwa matanga, kitambaa cheusi kimefungwa juu yake. Alipomwona inspekta alidhani anaitwa kwa ajili ya Mansa.

"Banamupeleka leo?" aliuliza.

"Kaa, Mama Germaine."

"Nitakaa alafu. Banamupeleka?"

"Hapana. Ghislain hakuuawa. Alifika Ndola."

Febby alikuwa ameamua kulisema hivyo, moja kwa moja, kwa sababu hakujua namna nyingine isiyokuwa ya kikatili zaidi. Germaine hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza ya mashine.

"Iko muzima?"

"Alikuwa mzima katikati ya Januari. Baada ya hapo sijui."

Royd alimsomea barua. Kwenye ya tatu Germaine alimzuia kwa mkono, akamwambia aisome upya kutoka mwanzo. Aliisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha Febby alimweleza mambo ya makro, hapa na kule, na jinsi barua zake mwenyewe zilivyofika salama na kulala upande wa pili wa ukuta kutoka kwa mumewe.

"Basi aliniita," Germaine alisema polepole. "Sikujibu. Na miye nilimuita."

"Ndiyo."

"Alienda na kusema moyo yangu ilichoka."

Royd alianza kuomba msamaha, kwa Kibemba, kwa Kiswahili kibovu, kwa kila lugha aliyokuwa nayo. Germaine alimtazama bila hasira, na hilo Febby aliona lilimuumiza Royd kuliko kofi.

"Andika," Germaine alimwambia. "Kwa Evariste."

"Mama, hayuko tena kule."

"Andika. Siku moja camion itarudi Ndola. Chauffeur yuko na masikio. Sema: Germaine hakuchoka. Sema: iko hapa, pembeni ya kinu ya unga, kila siku. Maliza."

Royd aliandika. Alipomaliza, Febby alimwambia kwanza azime makro, naye akaizima mbele yao, na Ndola walishaambiwa wafanye vivyo hivyo. Barua ikaingia kwenye foleni ya kungoja hewa ya alasiri.

Germaine alifungua kitambaa cheusi, akakishika mikononi. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, zenye mvi ambazo Febby hakuzijua. Ilionekana kwamba atakitupa. Badala yake alikitazama, halafu akainua uso, na swali lake lilimkuta inspekta hajajiandaa, ingawa ndilo swali la kwanza ambalo mpelelezi alipaswa kujiuliza tangu jana.

"Na ule wa Kabuta? Ule tulizika?"

"Sijui, mama."

"Nilimunyolea kichwa. Nilimulilia usiku yote, nikamuita jina ya mutu mwengine." Alikifunga kitambaa tena, kikazama mahali pake. "Ni bwana ya nani?"

Febby alitazama upande wa Kabuta. Alifikiri juu ya kaburi lile, la mtu ambaye amelala chini ya jina lisilo lake, na pengine hakuna aliyejua kwamba yuko huko. Upweke wa namna hiyo aliufahamu kiasi.

"Kikae kwa kichwa yangu," Germaine alisema, "mupaka batu bake baonekane. Mutu hawezi kufa bila mwenye kumuvalia."

Alikwenda kukaa kizingitini, akiangalia mvua juu ya vichanja vitupu, kungoja hewa ya alasiri.

Inspekta Febby Ngosa alivuta kiti mbele ya mashine. Alimwomba Royd amwonyeshe jinsi ya kuteremka kwenye orodha, akafungua daftari, na kutoka juu kabisa ya folda ya Samaki akaanza kusoma, akitafuta yeyote aliyekuwa anauliza habari za mwanaume mrefu mwenye shati la bluu.